Kiyoyozi Kilichokataa Kupoza Keki

Wiki ile nilikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu, na krimu yake ilikuwa inateremka kama soksi iliyolegea.

Napika keki nyumbani kwetu Malaba, mpakani, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Januari hapa ni jua na vumbi la malori, na krimu ya siagi haivumilii. Ndiyo maana mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliniletea kiyoyozi kutoka kwa ofisi fulani ya forodha iliyokuwa inahama. Kilinitumikia vizuri mwaka mzima. Halafu Jumatatu hiyo kikawa kinawaka, kinanguruma, kinapuliza, lakini hewa yenyewe ni ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu anayekupa siri akiwa karibu sana.

Harusi ilikuwa Jumamosi, huko Amukura.

Mama mkwe wangu alikuwa kwetu tangu Krismasi, akingoja kurudi kliniki ya macho. Hajui kukaa bure. Alikuwa ameshalima kipande cha sukuma nyuma ya nyumba, akanunua na vifaranga thelathini sokoni. Siku hiyo alinikuta najipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Mwanangu, washa hiyo mashine. Mbona unajitesa?"

"Imewaka, Mama."

"Basi usiizime," akasema, akarudi zake nje.

Jioni mume wangu alivaa miwani akaikagua rimoti kama karatasi ya mtihani. "Hapa kuna alama ya jua na alama nyingine. Wewe umeweka gani?"

"Hiyo nyingine. Ya theluji."

"Mimi naona ni ua."

Tulibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona theluji, kwa hivyo hakuna aliyeshinda. Akashusha namba hadi kumi na sita, akangoja mkono ukiwa juu mbele ya mashine, akasema labda inahitaji muda.

Jumanne nilifungua kifuniko cha mashine nikatoa chujio. Sukari ya unga ninayopikia ilikuwa imeshikana na vumbi, ikawa kama chapati iliyobandikwa pale. Nikaliosha chujio, nikalianika, nikalirudisha. Upepo uliongezeka maradufu. Joto lilikuwa lile lile, ila sasa lilinifikia haraka zaidi. Jumatano mume wangu aliziba madirisha kwa utepe wa karatasi wenye gundi na mlango kwa taulo ili baridi isitoroke. Baridi yenyewe haikuwepo, tukabaki sisi ndani tunashindwa kutoroka. Maua ya krimu kwenye ghorofa ya chini yaliinamisha vichwa. Nilikaa kwenye kiti nikalia kidogo, nikayakwangua yote.

Alhamisi nikamwita fundi kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mzima mpole, mwenye mkoba wa vyuma begani. Aligusa mabomba mawili yanayotoka kwenye mashine, kwanza jembamba, kisha nene.

"Nyabo," aliniita kwa heshima ya kwao, "hili nene lilipaswa kuwa baridi kama chupa ya soda. Huenda gesi imepungua. Lakini kabla sijasema gesi, nionyeshe ile mashine ya nje."

Mashine ya nje iko nyuma ya nyumba, upande ambao nilikuwa nimemwachia mama mkwe na sukuma zake. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, ameipa mashine mgongo kama askari wa lango. Nyuma yake hakukuonekana mashine yoyote. Kulikuwa na katoni zilizofungwa kwa kamba ya katani na blanketi langu la kijivu juu yake. Ndani ya katoni, vifaranga thelathini walikuwa wamejipanga mbele ya feni, macho nusu yamefumba, wameridhika kabisa.

"Usiku wanalala stoo na jiko la makaa," mama mkwe alieleza kabla hajaulizwa. "Tangu Jumatatu, mchana nawaleta hapa, katoni naziacha papo hapo. Hii kitu inatoa joto siku nzima na nyinyi mnalitupa."

Fundi alichuchumaa. Mabega yalimtikisika kidogo, lakini sauti aliidhibiti. "Mama, mashine inatoa joto ya chumbani inaleta hapa nje. Sasa wewe umeifungia hapa. Inachemka, inachoka, inapumzika. Ndani inabaki feni tu."

Mama mkwe alifikiri. "Kwa hivyo joto ni ya chumbani kwake."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimekuwa nikimrudishia."

Alinyanyuka, akakunja blanketi vizuri, akanikabidhi.

Vifaranga walihamia stoo mchana pia. Fundi alizima umeme, akaosha manyoya na pumba zilizoganda nyuma ya mashine, akawasha. Mume wangu alikuwa ametoka shuleni, tukasimama wote wanne chumbani, mikono juu. Baada ya robo saa bomba nene lilianza kutoa jasho, na mume wangu akaenda kutafuta sweta.

Nilipamba upya Ijumaa nzima. Jumamosi asubuhi tulipakia keki kwenye gari la jirani, kila ghorofa peke yake. Mama mkwe aliomba ashike ile ndogo ya juu. Aliiweka mapajani, akachukua daftari la mume wangu, akaipepea polepole kutoka Malaba mpaka Amukura, bila kupumzisha mkono. Ilifika imesimama wima.