Majina Bibi Aliyoipa Mashine

Mimi mashine siziamini, rafiki yangu, na hilo nimelirithi. Hata juzi, nilipoingia makumbusho ya chuo kikuu ambako kompyuta kuukuu bado zinawashwa, nilikumbatia mkoba wangu kama niko stendi ya Same. Ndipo nikaiona kompyuta ya shule yetu ya Myamba, jina la shule lingali ubavuni. "Shule iliileta pamoja na diski zake," alisema dada mhifadhi.

Ilipandishwa mlimani miaka ile sukari ilipoanza kurudi madukani. Serikali ilikuwa imeruhusu shule za binafsi, usharika wetu ukafungua sekondari. Mwalimu mgeni kutoka tambarare akapita nyumba kwa nyumba kuandika majina ya watoto wa kidato cha kwanza, ayaingize kwenye kompyuta. Niliitaka nafasi ile kuliko gauni la Krismasi.

Mwalimu alipofika kwetu, bibi alikuwa anakoroga makande. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Akalitazama daftari la mwalimu kwa jicho la pembeni, akanituma kuni. Kwetu watoto hawahesabiwi. Bibi alizoea kusema anayehesabu watoto wa mwenzie anataka wapungue. Nikajibanza nyuma ya jiko, nikamsikia: "Andika. Senkondo. Nakundwa. Nakijwa." Nilishangaa, maana mtoto wa nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu.

Jumapili, majina yakiwa yamekwisha kuingizwa kwenye mashine, orodha ikasomwa kanisani. Majina yale matatu yakaitwa, hakusimama mtu. Wazee wakainamisha vichwa. Mwalimu akarudia. Bibi akasimama.

"Wako mgombani, mwalimu. Niliwazika mwenyewe, wangali wachanga."

Aliipa mashine wanawe ambao isingeweza kumchukulia tena. Mimi akanificha, na nafasi ikanipita. Mwaka mzima nilipalilia tangawizi nimemnunia, na nakiri hasira ile sikuimaliza hata siku tuliyomzika.

Dada akachomeka diski. Mashine ikakoroma, nami nikarudi nyuma hatua moja. Nikamwomba atafute jina la bibi, lililoandikwa kama mlezi. Maandishi ya kijani yakatokea: Senkondo, Nakundwa, Nakijwa. Mimi simo.

Mgomba ule haupo tena, barabara ilipanuliwa juu yake. Waliowajua watoto wale wamekwisha, na hata mimi majina mawili nilikuwa nimeyasahau.

"Niizime, mama?"

Bado siiamini. Lakini nilimshika mkono.

"Subiri kidogo, mwanangu. Siku hizi wako humu."