Msuguaji wa hamamu aliyeandika mji mzima, na wanawake wanaoudai

Saa saba mchana. Wanaume wa mwisho wametoka na taulo shingoni, pazia limeteremshwa mlangoni kuonyesha kwamba zamu ya wanawake imeanza, na Dalenda Ayari anaingiza mkono katika glavu yake ngumu ya kusugulia. Mteja wa kwanza, mfamasia anayeitwa Rim, amekwisha kulala kifudifudi juu ya jiwe la moto.

"Kurasa mia za mwanzo za kitabu chako, dada Dalenda," Rim anasema, shavu likiwa juu ya jiwe. "Majina, majina, majina. Nilitaka kuandika ukutani nani mtoto wa nani."

"Ulifika mwisho?"

"Nilifika."

"Mara ngapi?"

Dalenda anampiga kofi jepesi pajani, ishara ya kumwambia ageuke.

"Mara mbili," Rim anakiri, akigeuka.

Dalenda ana miaka arobaini na mitatu. Anasugua wanawake katika hamamu hii, bafu la umma la mvuke lililo nyuma ya soko la Halfawin mjini Tunis, tangu mama yake alipougua mgongo na kumwachia glavu. Mteja mmoja ni dinari kumi, na nusu yake ni ya mwenye hamamu. Msimu wa harusi anapata ya kutosha. Ramadhani mchana, hapati kitu.

Mwaka jana nyumba ndogo ya uchapishaji ilichapisha riwaya yake, ya kwanza kati ya tatu. Inahusu mji ulio chini ya mji, ambako maji yanamkumbuka kila aliyewahi kuoga, na humwita kwa jina anapoinama kuyachota. Aliiandika asubuhi, saa za wanaume, akiwa mezani jikoni kwake huku maharagwe yakichemka.

Hakutarajia kwamba wasomaji wake wa kwanza watakuwa wateja wake, na kwamba watamjia wakiwa uchi na wenye hasira.

"Mwandishi mwingine anasomewa na watu asiowajua," anasema. "Mimi wangu nawajua mpaka makovu. Na hawanionei haya hata kidogo."

Mlangoni, pale wanawake wanapovua viatu, ameketi Naziha, mpokea pesa. Kando yake kuna nakala kadhaa za kitabu. Hakuna hata moja iliyo bapa. Zote zimevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, kwa sababu wenyewe walishindwa kuziacha nje wakaingia nazo kwenye mvuke.

"Nawaambia karatasi haiogi," Naziha anasema. "Wananiambia, kurasa mbili tu. Baadaye nakikuta kitabu kimelala ndani ya ndoo."

Naziha mwenyewe hakukipenda. Anasema hakuna ndoa hata moja ndani yake, na mji usio na harusi ni kambi ya jeshi. Wasichana wa sekondari, kwa upande wao, wanakipenda kiasi cha kuitana kwa majina ya wahusika. Kwenye simu ya binti yake Dalenda kuna maoni ya watu wa Sussa na Gafsa, hata wa Algeria. Mmoja ameandika kwamba hajawahi kusoma kitu kama hicho tangu azaliwe. Anayefuata ameandika kwamba angerudishiwa pesa zake angenunua samaki.

Lakini lawama iliyomuuma zaidi Dalenda ilitoka hapahapa. Katika sura ya nne, shujaa wa hadithi, msichana mdogo, anaingia hamamu na kusuguliwa papo hapo. Wanawake waliposoma hivyo, walimjia kwa zamu.

"Ngozi kavu, Dalenda?" walimuuliza. "Wewe? Mtoto hajakaa kwenye mvuke, hajalainika, unamsugua? Umchune?"

"Ukurasa wa mvuke ulikuwepo," anaeleza sasa, akikamua glavu. "Niliukata mwenyewe. Niliogopa watu watachoka kumsubiri msichana aliyekaa tu anatoka jasho. Kumbe hapo ndipo walipotaka kukaa naye."

Pamoja na malalamiko yote hayo, kuna jambo ambalo mtu haliamini mpaka alione. Kila mwanamke anayefika kwenye birika la maji anainama na bakuli la shaba, na kabla hajachota, anasita. Ni kitambo kidogo tu, kama cha kuvuta pumzi. Anasikiliza. Aliyesifu kitabu anasita, aliyekiponda anasita, na bibi mmoja asiyejua kusoma, aliyesimuliwa na mjukuu wake, ndiye anayesita kuliko wote. Chumba kizima cha mawe, kilichozoea kelele tangu enzi za mababu, kina kimya kipya ndani yake. Kimya hicho kimetoka kwenye meza ya jikoni yenye maharagwe.

Dalenda anapoulizwa anajisikiaje kukiona, anatazama pembeni. "Naogopa," anasema.

Ana sababu ya kuogopa wiki hii. Kitabu cha pili kimekamilika, na Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya kukipeleka ili kiwahi maonyesho ya vitabu ya Aprili. Mchapishaji amekisoma na kutaka badiliko moja. Asipolipata, hatakichapisha.

Badiliko hilo linamhusu Zumra. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza, Zumra, yule shujaa wa miaka kumi na minne, anafungua mlango wa tanuri linalopasha maji ya mji mzima, anaingia, na mlango unajifunga. Kitabu cha pili kinaanza miaka kumi baadaye, na Zumra hatajwi tena. Mchapishaji anataka arudi katika sura ya kwanza, mzima, akiwa na nguvu za ajabu. Anasema wasomaji wanamlilia.

"Siwezi," Dalenda anasema. "Aliyeingia motoni harudi anacheka. Nikiandika hivyo nitakuwa nimewadanganya, na watu hawa huwezi kuwadanganya, nimeshika ngozi zao." Anafuta jasho kwa kiwiko. "Lakini nisipoandika, kitabu kinabaki kabatini. Na cha tatu kitakufa kabla hakijazaliwa."

Saa tisa hivi anaingia Bi Shedlia.

Ni mwanamke mpana wa mabega, mpishi wa shule, na anajulikana hamamu nzima kuwa adui mkubwa wa kitabu. Alikitupa ukutani, na jirani zake walisikia. Tangu hapo amekuwa akisuguliwa na msuguaji mwingine. Leo msuguaji huyo anaumwa, kwa hiyo Bi Shedlia analala kwenye jiwe la Dalenda akiwa amenuna kama aliyepelekwa polisi.

Katika kazi hii kuna desturi moja isiyovunjwa. Mwili ukianzwa, lazima umalizwe. Hakuna anayeinuka na mkono mmoja uliosuguliwa na mwingine haujaguswa. Mteja hakimbii, na msuguaji pia hakimbii.

"Sitaki mazungumzo," Bi Shedlia anasema.

"Sijasema kitu, mama."

"Unasugua kama mtu anayetaka kusema."

Dalenda anasugua bega. Nongo zinaviringika kama tambi za kijivu. Rim, aliyekwisha kujipaka udongo wa kuogea kichwani na usoni na kukaa kando akisubiri ukauke, anachokoza. "Bi Shedlia, mwenzio anaambiwa amrudishe Zumra. Wewe unasemaje, arudi asirudi?"

"Nani kauliza habari ya kurudi?" Bi Shedlia anainua kichwa. "Nyie wasomi mnasoma na macho yapo wapi? Arudi, asirudi, amekufa, hajafa. Mimi nimesoma kitabu chote. Mji wenye watu elfu. Wachawi wamo, wanaoongea na maji wamo, kuna yule mzee anayeruka. Mtoto anapotea, na hakuna mtu mmoja aliyeinuka kwenda kumtafuta. Hata mmoja. Wanakula chakula cha jioni."

Dalenda ameacha kusugua.

"Endelea, nitapata baridi," Bi Shedlia anamwambia, kisha anaendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini zaidi. "Wajdi wangu alipoondoka na mashua, nilikwenda Sfax. Nikaenda Zarzis. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi na picha yake mpaka askari akaniletea kiti. Miaka sita. Na mwezi ujao nakwenda tena. Hata kama hapatikani, mtu anakwenda. Sasa wewe umeumba mji mzima, Dalenda, umeupa kila kitu, hukuupa mtu mmoja wa kwenda?"

Wote humu wanajua habari ya Wajdi, mwanawe aliyepanda mashua kwenda Ulaya na hakusikika tena. Hakuna anayeitaja mbele ya mama yake. Maji yanasikika yakidondoka kwenye birika.

"Hukuupa," Dalenda anarudia, kama anayejiambia. Kisha anaanza kusugua tena, polepole. "Mama, angekwenda nani?"

"Mama yake. Nani mwingine?"

"Mama yake amekufa sura ya tatu."

"Na nani alikutuma umuue?"

Rim anacheka, udongo unampasukia usoni. Hata Bi Shedlia mdomo unamcheza, ila anauficha kwenye mkono wake.

"Basi mtafutie mwingine," anasema. "Mwanamke yeyote. Hata wa jikoni. Mradi ajue kugonga milango na asichoke kusubiri."

Dalenda anampiga kofi pajani. Bi Shedlia anageuka, na kwa mara ya kwanza leo wanatazamana.

Jioni, kabla hajavaa, Dalenda anampigia simu mchapishaji akiwa chumba cha nje cha kuvalia, kisicho na mvuke, amejifunga taulo. Anamwambia kwamba Jumamosi hatapeleka kitu, na Aprili hatakuwepo. Zumra hatarudi sura ya kwanza. Kitabu cha pili chote kitakuwa safari ya kumtafuta, na kurasa alizoandika kwa miaka miwili hazifai tena. Anasikiliza kwa muda mrefu, kisha anakata simu. Mchapishaji hajakubali. Amesema ataona kikikamilika, kama atakuwa bado na nafasi.

Kesho asubuhi, saa za wanaume, ataanza upya. Sentensi ya kwanza anayo, ila hataki kuitaja. Anasema tu kwamba kuna mpishi, mpana wa mabega, na mlango wa tanuri.

Bi Shedlia, anayemenya chungwa kwenye benchi hapohapo, amesikia kila neno. Anakula kipande, anakimeza, anafuta vidole.

"Asiwe mpole," anasema. "Na kabla hajatoka, mpe ale kwanza. Njia ni ndefu."