Duara Langu

Nilisoma sekondari ya jioni Shinyanga mjini, na somo nililolielewa kuliko walimu wenyewe ni Uraia. Kwa hiyo mama lishe wa machimboni Geita aliponipeleka polisi kwa deni lake, nilitembea mbele kama mgeni rasmi. Deni ni madai, bwana. Kama kukosa hela kungekuwa kosa, mimi ningefungwa tangu nanyonya.

Nikatoa shikamoo iliyotikisa bati za kituo, nikamweleza afande hivyo hivyo.

"Marahaba. Deni ni madai, kweli," akasema. "Ila mama anasema ulimwambia duara ni lako. Kuchukua hela ya mtu kwa uongo ni jinai. Duara ni lako?"

Uraia wote ukaniisha mwilini. Pale duarani, kwenye shimo la dhahabu, nilikuwa mvuta kamba tu. Shimo lilikuwa limejaa maji, na mwenye duara akasema asiyechangia pampu hagawiwi mawe, ndipo nikakopa. Maji yakaishinda pampu. Lakini siku ile ya kukopa, "duara letu" niliona halina uzito. Nikasema "duara langu". Sasa naona mlango wa mahabusu unanifungukia, na mke wangu nje ameshika bakuli la ugali.

Afande akamgeukia mama lishe. "Alipokwambia ni lake, ulimwamini?"

Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Huyu? Nani anamwamini huyu! Kila asubuhi mwenye duara anamtukana mbele ya sufuria yangu ya uji. Aliniambia pia ana ng'ombe elfu kwao."

"Sasa ulimkopesha kwa nini?"

"Ana watoto. Halafu anachekesha."

Afande akaweka kalamu chini. "Basi hukudanganywa, mama. Jinai hapa haipo. Mkadaiane mahakama ya mwanzo."

Mwenye akili zake angeshukuru. Mimi iliniuma. "Afande, ila wale ng'ombe wapo kwel..."

"Ng'wanawane, mwanangu," mama akanikata, "funga mdomo. Afande akiona unaaminika, unalala humu."

Nikaufunga, nadhani hata saa ya ukutani ilisimama kunishangaa.

Mahakamani hatukufika. Njiani tulikubaliana nimchotee maji na kumpasulia kuni mpaka deni liishe. Nikamwapia kwamba kwa nguvu zangu hizi, Jumamosi nitakuwa nimemaliza.

Hakuniamini, Mungu amweke.