Dawa ya Kupe Kwenye Chai ya Kogo Rael

Dawa ya kupe iliyopatikana kwenye chai ya Kogo Rael ilitoka kwangu. Naandika hivyo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikianza kuzunguka, nitafika mwisho nikiwa nimejitetea na nyinyi mmeanza kunionea huruma. Msinionee huruma!

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa chai upande wa Bomet, si mbali na Silibwet. Jina sitaji. Wengine wenu mnaniona kila Jumapili nimekaa kiti cha mbele kanisani, nimefunga tai, naitikia amina kwa sauti kuliko mchungaji.

Kikundi chetu kilikuwa na bahati kubwa. Tulipata mnunuzi Japani! Wajapani wametuuzia magari yao yaliyotumika tangu nikiwa mtoto, na sisi tumeyanunua tukishukuru. Sasa na sisi tungewauzia kitu. Si yale majani tunayopeleka kiwandani kwa magunia. Hii ilikuwa chai ya kusokotwa kwa mkono, ikaushwe polepole, iingie kwenye pakiti ndogo yenye jina na picha ya mkulima aliyeichuna.

Waheshimiwa walikuja na suti zao, wakasimama katikati ya michai wapigwe picha, wakahutubu juu ya biashara na urafiki wa nchi mbili. Hakuna hata mmoja aliyejua jani la kuchuna ni lipi. Mmoja alikwanyua jani kuukuu la chini, gumu kama ngozi ya kiatu, akalinusa mbele ya kamera akisema ah! Nilimcheka moyoni. Nilijiona mimi ndiye mwenye akili pale.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa mzee mfupi, mpole, wa maneno machache. Alitupa masharti yake kupitia kwa mkalimani. Tuchune jani moja na chipukizi, si majani mawili kama tulivyozoea. Kila mzigo utoke shamba moja tu. Na dawa yoyote isikaribie michai. Hilo la dawa alilirudia mara tatu. Mimi nilitikisa kichwa kwa heshima huku nikimdharau. Chai ni chai! Ikitiwa maji moto na maziwa, nani ataijua imetoka kwa nani?

Halafu akatembelea mashamba. Kwangu alikaa dakika chache. Kwa Kogo Rael alikaa mpaka chakula kikaiva.

Sisi Wakipsigis nyanya humwita kogo, na huyu ni jirani yangu, mjane, shamba lake limepakana na langu. Michai yake aliipanda pamoja na marehemu mume wake. Yule Mjapani alipiga magoti kwenye mistari ile, akachukua udongo mkononi, akaunusa, akasema picha ya kwanza kwenye pakiti iwe ya huyu mama.

Ya Kogo! Na mimi mwenyekiti nimesimama pale na tai yangu! Iliniuma, na sitawadanganya kwamba maumivu hayo hayakuchangia.

Mzigo wa kwanza ukapangwa Jumanne. Kogo Rael aliingia shambani umande haujakauka. Alichuna polepole, jani moja na chipukizi, akitupa lolote lenye doa. Kufika saa sita kikapu chake hakikuwa hata nusu. Akina mama wa kusokota walikuwa wamekaa tu, na gari la kupeleka mzigo Nairobi lilikuwa linakuja kesho yake.

"Kogo, harakisha kidogo! Wajapani watangoja mpaka lini?"

"Si wangoje," akanijibu bila kuinua kichwa. "Hii ingine bado haijafika. Wewe waambie tu ni kidogo."

Waambie ni kidogo! Mimi niliyejigamba kwa simu kwamba mzigo utajaa! Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu achune haraka ile mistari yetu ya ukingoni, karibu na boma la ng'ombe, maana pale machipukizi yalikuwa mengi. Alileta kikapu kimejaa. Kogo alipoenda kupumzika, nikakimwaga juu ya majani yake na kuchanganya kwa mikono yangu miwili. Kwenye kitabu cha kikundi cha kuandikia mizigo niliandika jina moja tu, lake.

Sasa sikieni ujinga wenyewe. Jana yake, Jumatatu, nilikuwa nimempiga ng'ombe wangu dawa ya kupe. Anaitwa Mercy. Josho la kuogeshea ng'ombe liko kule chini mtoni, mwendo wa nusu saa, na mimi na cheo changu nitaonekanaje nikiswaga ng'ombe mmoja barabarani kama mtu asiye na kazi? Kwa hivyo huwa namfunga kwenye nguzo ukingoni mwa michai, nabeba bomba mgongoni, nampulizia hapo hapo. Siku hiyo kulikuwa na upepo. Niliona dawa ikipeperuka na kutua juu ya majani. Niliiona kwa macho yangu!

Na nilipomtuma mke wangu Jumanne, nilikumbuka. Msifikiri nilisahau. Nilikumbuka, nikajiambia hiyo ni dawa ya ng'ombe, Mjapani alikataza dawa ya chai. Mtu mzima, mwenyekiti, nimesoma mpaka kidato cha nne, na hayo ndiyo mawazo niliyoyatoa kichwani!

Barua ilikuja kwa simu yangu baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa na adabu nyingi, pole mwanzoni na pole mwishoni. Maabara yao ilikuwa imepata dawa kwenye mzigo wenye jina la Kogo Rael. Chai yote imeharibiwa. Hawatanunua kwetu tena. Jina la dawa lilikuwa limeandikwa pale. Nilienda stoo nikashika ile chupa yangu yenye picha ya ng'ombe, nikasoma, nikasoma tena. Ilikuwa ile ile. Nikaitupa chooni.

Tuliitana mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Watu walikuwa wamewaka moto. Wengine walikuwa wamekwisha kuwaahidi watoto shule nzuri kwa sababu ya Japani. Nilisoma barua yote, na nilipofika kwenye jina, nilisoma jina.

Kogo Rael akasimama. "Mimi sina bomba. Hata ya kuazima sijaazima. Ng'ombe zangu zinaenda dip huko mtoni kila Alhamisi, hata mvua ikinyesha. Hiyo dawa imetoka wapi?"

"Kogo," nikasema, na nilisema kwa upole, shetani mimi! "Maabara haiwezi kudanganya."

"Si wewe uliandika kitabu, Mwenyekiti?"

"Ni mimi. Na kitabu iko na jina yako peke yake."

Watu wakaguna. Mmoja akasema mama ametuuza. Kogo akafungua aproni ya kikundi aliyokuwa amevaa, akaikunja vizuri kama anayeiweka kabatini, akaiacha juu ya benchi na kwenda zake. Nami mnajua kilichonipata? Nilichaguliwa tena mwenyekiti hapo hapo! Walipiga makofi, wakasema angalau tuna kiongozi anayesema ukweli hata kama unamgusa jirani yake. Nikasimama nikashukuru. Nikimkumbuka yule mheshimiwa aliyenusa jani kuukuu, naona yeye ni malaika.

Mke wangu ndiye aliyechuna kile kikapu, kwa hivyo sikuweza kumficha. Alinipata jikoni siku hiyo hiyo.

"Mimi sitasema," akaniambia. "Wewe ndio wa kusema. Lakini kuombea chakula kwa hii nyumba, utakuwa unaomba wewe."

Tangu siku hiyo naomba mimi. Watoto wameinamisha vichwa, yeye amefungua macho ananiangalia, nami naanza sala ile ile upya mara mbili, mara tatu. Chakula kinapoa.

Kogo Rael alijaribu kurudi kuuza majani kiwandani kama zamani. Kwenye kituo cha kununulia, karani alikuwa akiingiza pua kwenye gunia lake na kuuliza kama limeogeshwa. Foleni nzima inacheka. Na mimi nikiwa foleni hiyo hiyo, nilicheka! Kidogo tu, ili nisionekane tofauti.

Basi akachoka. Alitafuta watu wakang'oa michai yote, mstari kwa mstari, hadi ile ya ukingoni aliyopanda na mume wake wakiwa wametoka tu kuoana. Nilisikia majembe kutoka kwangu asubuhi nzima na sikutoka nje. Akapanda nepia, ile nyasi ndefu ya ng'ombe. Sasa anaiuza. Kiangazi kilipokuja, nyasi yangu iliisha, na iliyokuwa karibu ilikuwa yake. Ndiyo, nilienda! Mercy anakula nyasi iliyoota pale chai ilipokuwa, na maziwa yake naweka kwenye chai yangu asubuhi.

Juzi nilienda na Mercy mwenyewe, nikamfunga kwenye lango la Kogo nikisubiri anikatie mzigo. Alikata, akafunga, halafu akamzunguka ng'ombe wangu taratibu. Akainua sikio, akaangalia chini ya mkia.

"Ng'ombe yako iko safi, Mwenyekiti. Haina kupe hata moja. Unapeleka dip gani?"

"Hii ya mtoni," nikasema.

"Ya mtoni." Akafuta panga kwa majani. "Mimi niko hapo kila Alhamisi. Sijawahi kukuona."

Akaniongezea fungu moja la nyasi bure, akaingia ndani.

Sijalala vizuri tangu hapo, na sistahili. Nyinyi mlio na vitabu vya kikundi, mlio na kalamu ya kuandika jina la mtu, acheni kuwacheka waheshimiwa na Wajapani. Kama kuna mtu anayebeba kosa lako, mwendee leo, ukiwa bado unaweza kuanza wewe. Mimi nilingoja mpaka nikaulizwa. Alhamisi ni kesho, na Mercy nitampeleka josho la mtoni kwa miguu, watu wote wakiniona. Kogo Rael atakuwa pale. Sijui nitaanzaje, lakini tai sitavaa.