Mtunza Mbegu wa Kibabi

Msimu ule wa 1952, mtunza mbegu wa kilima cha Kibabi alibakiwa na chungu kimoja cha maharagwe. Mengine yalipondwa shambani na mvua ya mawe. Aliyachambua yale ya chunguni kama ilivyokuwa desturi yake, akipuliza jivu la kuzuia wadudu na kubariki kila kiganja kwa jina la Yesu. Ndipo mgeni mwenye rozari shingoni akamletea unga wa dawa.

“Mama, mwenye amenituma njo malaika. Changanya na mbegu, ile mvua haitarudia. Lakini Papa katekista, mwalimu wa dini wa hapa, asijue.”

Vidole vya mtunza mbegu vikasita juu ya unga, maana alitamani sana kuamini. Kisha kicheko chake kikavuka bonde.

“Malaika gani huyu, kaka, iko anaogopa katekista?”

Akamrudishia unga wake, akamfungia viazi vya kula njiani, akajitwika chungu, akaenda kupanda chini ya wingu jeusi, akiimba.