Dirisha Ambalo Sikulichora

Mimi ni msanifu wa majengo na sipendi kuambiwa. Nalisema mapema ili yatakayofuata yasimshangaze mtu.

Tulipohamia kwenye viwanja vipya, nje ya Mwanza kwenye barabara ya kwenda Misungwi, kila nyumba ilikuwa na ukuta wake na geti lake, na jirani ulimjua kwa rangi ya gari tu. Nilimleta mama yangu akae nasi, maana magoti yalikuwa yamemchosha na kijijini kwake Sengerema alibaki peke yake. Kila alipokuja alikaa siku tatu. Begi lake halikufunguliwa lote, lilishinda nyuma ya mlango. Siku ya nne ananiambia nimpeleke kivukoni, avuke Kamanga arudi kwake.

"Mwanangu, tangu juzi nimemsalimia nani hapa kwenu? Geti. Nimelisalimia, halikuitika."

Iliniuma sana. Kwa hiyo wakazi waliponiomba niwachoree ukumbi wa pamoja, kwenye kiwanja kilichoachwa wazi katikati ya nyumba, sikufikiri mara mbili. Moyoni nilikuwa namchorea mama.

Kikao cha kwanza, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisimama ubaoni kuandika maoni. Jirani mmoja mwenye duka la mabati alitaka bwawa la kuogelea.

"Na lile ziwa lote kule tunalifanyia nini?" mtu akauliza.

"Lina kichocho."

"Na kwenye bwawa utakizuiaje, utatupima kwanza?"

Kichocho kilichukua saa nzima. Ukumbi ulipata dakika kumi za mwisho, na katika hizo kiongozi wa kikundi cha akina mama alikuwa na swali moja tu: je, sufuria yao itaingia jikoni? Sufuria hiyo ndiyo inayopikia harusi na misiba yetu yote, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuoga ndani yake akiwa na mwenzake.

"Mama, hili ni jiko la kisasa," nilimjibu. "Itaingia."

Ujenzi ulipofika usawa wa madirisha nilimkuta fundi ameacha uwazi mkubwa kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, unaotazama majabali yaliyo nyuma ya kiwanja. Sikuuchora mimi. "Joto, bosi," akasema. "Mtu ataiva humu kabla ya wali." Nilifoka, nikamwonyesha mchoro, nikamnunia siku mbili. Lakini matofali yalikuwa yamekwisha, dirisha likabaki.

Siku ya ufunguzi ikaangukia siku ya tatu ya mama. Begi lilikuwa limeshafungwa zipu.

Sufuria iliingia jikoni asubuhi, ikiwa tupu, imebiringishwa kwa ubavu. Nikamtupia yule kiongozi wa akina mama jicho la "nilikwambia nini?" Ikawekwa kwenye jiko la gesi la chini, pilau ikapikwa, harufu ikafika barabarani.

Sasa, kwetu shughuli haijaanza mpaka sufuria itolewe mbele za watu, ifunuliwe, vigelegele vipigwe. Ukimletea mgeni sahani iliyokwisha kupakuliwa anajiona yuko wodini. Wanaume wanne wakaibeba kwa miti miwili: wawili mbele, na nyuma mwenyekiti pamoja na mwenye duka la mabati. Mama yangu alikuwa mle ndani akionja chumvi, maana hakuna chumvi anayoiamini.

Walipofika kwenye mlango pekee wa jiko, ndipo nikagundua kuwa sufuria iliyojaa haibiringishwi kwa ubavu. Hilo sikuliwaza hata siku moja. Wa mbele wakavuta, wa nyuma wakasukuma, masikio ya sufuria yakakaza kwenye fremu. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mwenyekiti, mwenye mabati na mama yangu wakawa wamefungiwa jikoni na pilau ya mtaa mzima.

Watu wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza habari za vipimo vya kawaida vya mlango.

"Kawaida ya nani?" akauliza yule kiongozi wa akina mama.

Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka nyuma ya jengo: "Leteni sahani huku dirishani!"

Watu wakazunguka. Mama akafunua sufuria, vigelegele vikapigwa kwenye majabali, akaanza kupakua. Mwenyekiti alifuta sahani, mwenye mabati aligawa ndizi. Lakini hakuna aliyepewa chakula bila kujieleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geti lako lipi?"

"La kijani."

"Ahaa! Nililisalimia Jumanne."

Wakala wamekaa juu ya mawe, wakiulizana kwao wapi na nani kamzaa nani. Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa safi, vitupu, na utepe haukukatwa. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, masikio yananiwaka kwa aibu.

"Na wewe geti lipi?" mama akaniuliza, akanipa ukoko.

Pilau ilipokwisha, sufuria ikabiringishwa nje, ndipo mateka wakatoka.

Kesho yake asubuhi nilichukua funguo za gari, roho imenyong'onyea, nikaenda kulibeba begi. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Magauni ya mama yalikuwa yametundikwa kabatini, na mwenyewe yuko uani anafunga kilemba.

"Kivuko kinaondoka, mama."

"Kiende salama. Mimi geti la kijani wananisubiri chai."

Akatoka. Alipofika getini akageuka.

"Mlango wako ule ni wa ovyo kabisa. Lakini lile dirisha, mwanangu, umelichora vizuri."

"Asante, mama," nikasema. Fundi sijamwambia mpaka leo.