Mkadam na Mashine ya Kusaka Pete

Mkadam Ubwa alikuwa mtunza ghala wa serikali kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote hakupotelewa na hata balbu moja. Wenzake kazini walimcheka, wakasema hata msumari akipewa huuandikia ulikotoka na unakokwenda. Yeye hakuona la kucheka. Aliamini kwamba kitu kisipokuwepo mahali pake, yuko aliyekitoa.

Ndiyo maana Radhiya, mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na tisa, aliporudi kutoka kwao Jambiani kidole kitupu, Mkadam hakuuliza mara mbili. Pete yake ya dhahabu ilikuwa ya marehemu mama wa Mkadam, na Mkadam ndiye aliyemvisha kwa mkono wake mwenyewe. Radhiya alieleza. Alikwenda kumsaidia ndugu yake, Kazija, kuvuna mwani wakati wa bamvua, mwezi mpya au mpevu maji yanapotoka mbali. Mwani humwasha mikono, basi aliivua pete akaifunga kwenye pindo la kanga kama afanyavyo siku zote. Alipotoka majini fundo lilikuwa limefunguka.

"Na paa la kaka yako Silima je?" Mkadam aliuliza. "Mabati mapya wiki hiyohiyo?"

Radhiya alimtazama. "Wallahi Mkadam, leo ndiyo nnajua unavyonihisabu."

Wakagombana siku nne. Siku ya nne, ambayo ilikuwa mwezi tatu Mfunguo Nne, yaani siku ya tatu ya mwezi wa nne baada ya Ramadhani, Mkadam alikata karatasi katikati kwa rula, akaandika talaka moja kwa hati nzuri, akaweka tarehe, akatia saini. Akabaki na nakala, na Radhiya akarudi Jambiani kwa kaka yake.

Talaka ilikuwa ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi. Radhiya alikuwa na miaka hamsini na mbili na damu ilishakatika, kwa hiyo eda yake ilikuwa miezi mitatu ya kuandama. Ndani ya miezi hiyo Mkadam alihitaji kutamka neno moja tu, kwamba amemrejea, naye angekuwa mkewe kama zamani, bila mahari wala harusi. Imamu wa msikiti wa mtaani alimweleza hayo na kumtajia mwisho wake: mwezi tatu Mfunguo Saba, jua likizama.

Wiki ya pili Mkadam alipata habari kwamba mabati ya Silima yalitolewa na mtoto wake aliyeko Maskati. Yule aliyempa habari alikuwa na risiti, na Mkadam aliisoma. Usiku hakula. Nusu ya moyo wake ilikwishajua kwamba mke alisema kweli. Nusu ya pili ilitaka kuiona pete. Na hata ile nusu ya kwanza iliona haya. Atakwendaje Jambiani mikono mitupu? Akajiambia ataitafuta pete, ataitia mkononi mwa Radhiya, kisha ndiyo alitamke lile neno. Hivyo litakuwa na uzito.

Akaenda Mkunazini kwa Nahodha, muuza vifaa vya umeme anayeagizia watu vitu Dubai, akamuuliza kama anaijua ile mashine ya mpini mrefu yenye sahani chini, ambayo ukiipitisha juu ya mchanga inalia ikikuta chuma au dhahabu.

"Naijua," Nahodha alisema. "Mwaka jana nlimletea Mtaliano mmoja. Ana mradi wa kuokota senti pwani, basi tu, anajifurahisha. Nnayo moja hapa, ya wanaoanza. Nyepesi, ina kioo, inakwambia hiki chuma, hiki shaba, hiki dhahabu. Mali ya nani unaitafuta, Bwana Mkadam? Ya Waarabu?"

"Ya mama yangu."

Nahodha akaitoa kwenye boksi.

Mkadam aliijaribu uani kwake kwa siku tano. Alifukia msumari, sarafu na pete yake mwenyewe ya fedha, kimoja kina cha vidole vinne, kingine cha shibri, akachora ramani ya ua na kuandika mlio wa kila kitu. Mashine haikukosea hata mara moja. Bamvua lilipofika alichukua ruhusa kazini, akaenda Jambiani.

Kazija alimpeleka shambani kwake, mbali na ufuko, pale vigingi vya mwani vinaposimama safu kwa safu na kamba zimefungwa kati yao. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye ulimi. Hakuwa amemsamehe, lakini shemegi ni shemegi.

Kwenye mchanga mkavu mashine ilikuwa kimya. Mkadam alipoingia kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi ikaanza kulia, na haikunyamaza tena. Ililia penye kigingi, ikalia pasipo na kigingi. Aliipunguza nguvu, ikanyamaza, lakini alipoitupia pete yake ya fedha mbele ya sahani haikuisikia.

Wanawake walioinama kwenye mistari ya mwani walisimama kutazama.

"Shemegi," Kazija alisema, "hicho kidude kinalia kuliko sie matangani. Nani kakifishia baba yake?"

Wakacheka wote. Mkadam alikuwa amekosea pale wanapokosea wengi wanaoanza: alichagua mashine kwa ardhi ya nyumbani kwake, siyo kwa mahali kitu kilipopotea. Maji ya chumvi yenyewe hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja huyaona kama chuma.

Alipokuwa akijifuta miguu Kazija alimfuata, safari hii bila mzaha.

"Radhiya kanituma nkuulize. Unamrejea au humrejei?"

"Mwambie nnakuja. Nnakuja na pete."

"Hakuulizia pete."

"Mwambie hivyohivyo."

Mkadam alirudi mjini akaanza upya, na safari hii aliapa hatakosea. Alinunua daftari la kurasa mia. Kila jioni baada ya magharibi alikaa na simu, akatazama video za watu wa mbali wakitembea ufukweni na mashine zao, akasoma malalamiko ya walionunua. Alichora safu: uzito, kina, je, inazama yote majini au sahani tu, betri, na safu ndefu kuliko zote, inasikiaje dhahabu ndogo. Akajifunza kwamba pete nyembamba hulia sawa na jaribosi, ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kwamba anayeiambia mashine ipuuze jaribosi ameiambia ipuuze na pete. Akajifunza kwamba baharini inatakiwa mashine ya masafa mengi, na zilikuwa nyingi. Akazipunguza zikawa sita, kisha tatu, kisha mbili.

Kati ya hizo mbili alikwama siku kumi na tisa. Moja ilikuwa nzito lakini betri yake inabadilishika. Nyingine ilikuwa nyepesi, lakini betri ikifa inabidi irudishwe kiwandani. Alimpigia Nahodha simu kuuliza uzito, akampigia kuuliza urefu wa mpini, akampigia kuuliza kama rangi ina maana yoyote.

"Bwana Mkadam," Nahodha alisema, "hivi unachagua mashine au unachagua mke?"

Alitania tu, hakuwa na habari. Mkadam alikata simu, akakaa akiitazama. Bamvua la katikati ya Mfunguo Tano lilikuwa limeshapita. Siku ya pili aliagiza ile nzito.

Shehena ilichelewa. Mfunguo Sita ukaingia, mtaani watu wakajishughulisha na maulidi, na Mkadam akawa anapita Mkunazini kila akitoka kazini. Hapakuwa na siku hata moja kati ya siku hizo ambayo hakuweza kulitamka lile neno. Angeweza kulitamka barabarani. Aliliweka, kama mtu anayeweka nguo mpya mpaka sikukuu.

Mashine ilifika tarehe ishirini na nane za mwezi huo. Kalenda ya ukutani, iliyopigwa chapa mwanzo wa mwaka, ilionesha kwamba Mfunguo Sita una siku thelathini. Mkadam alihesabu kwa kalamu. Bamvua la mwisho litaangukia mwanzo wa Mfunguo Saba. Atakuwa na siku mbili za kutafuta, na ya pili itakuwa mwezi tatu, siku ya mwisho ya eda. Zinatosha. Alipima shamba la Kazija kichwani, akaligawa mistari kumi na sita.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, maji yalikuwa yametoka mpaka karibu na mwamba. Mashine mpya ilikuwa kama mnyama aliyefunzwa. Ilinyamaza juu ya chumvi, na ilipolia ililia kwa sababu. Mkadam alichimba kila mlio. Alitoa ndoana, vizibo vya soda, kijiko, kipande cha nondo, jaribosi, jaribosi tena. Kila kitu alikitia mfukoni, na kila mstari aliomaliza aliufungia uzi mwekundu kwenye kigingi.

Alikuwa mstari wa kumi na tatu aliposikia mtu akija majini nyuma yake. Alikuwa Radhiya, na kiroba cha mwani begani. Alisimama hatua kama kumi. Alikuwa amekonda.

"Umeipata?"

"Bado. Imebaki mistari mitatu."

"Leo mwezi tatu, Mkadam."

Mkadam alitabasamu kidogo, kama alivyokuwa akitabasamu kazini dereva alipokosea hesabu ya magunia. "Mwezi pili. Mfunguo Sita ulikuwa wa siku thelathini. Kesho ndiyo mwezi tatu, na maji yatatoka zaidi."

Radhiya aliangalia bahari, akamwangalia yeye. Akakiweka sawa kiroba begani.

"Haya," alisema.

Neno lilimjia Mkadam mpaka kwenye meno. Alifungua kinywa. Na hapohapo mashine ikalia mikononi mwake, mlio mwembamba, safi, uleule aliouandika kwenye daftari. Akapiga goti. Alichimba kwa vidole, mchanga ukiporomoka na yeye akiutoa, mpaka akakishika. Kilikuwa jaribosi, limekunjwa mviringo na maji.

Alipoinuka Radhiya alikuwa ameshafika mbali, anakwenda zake pwani, na kiroba kinachuruzika maji mgongoni.

Kesho yake Mkadam alitoka nyumbani kwake, mtaa wa Amani, alfajiri. Njiani aliamua: apate asipate, leo anasema. Hakwenda shambani kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Silima, akapiga hodi, akakaribishwa barazani, na kabla ya kahawa alisema mbele ya Silima na jirani wawili kwamba amemrejea Radhiya.

Silima hakuonekana kufurahi wala kuchukia. Aliweka birika chini.

"Shemegi, eda imekwisha jana magharibi."

"Leo ndiyo mwezi tatu."

"Leo mwezi nne."

"Kalenda..."

"Sie huku hatungoji kalenda. Mwezi ndio unaotupa maji. Uliandama siku ya ishirini na tisa, waliuona wanawake wa mwani, nlikuwapo mie, alikuwapo imamu wetu, na huyu bwana hapa aliuona kabla yangu. Ukitaka nkuitie watu kumi, wanakuja sasa hivi."

Mkadam aliwatazama wale jirani mmoja mmoja. Wote wawili waliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishi maisha yake yote akidai mashahidi, na hawa hapa, tena watu wazima, wasiokuwa na sababu ya kusema uwongo. Aliomba maji ya kunywa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Silima ilibidi ainame kuisikia, kwamba basi anaposa upya, mahari watakayotaka.

Silima aliingia ndani. Alikaa huko muda. Aliyetoka alikuwa Kazija, akisimama mlangoni na kanga kichwani.

"Anasema hapana."

"Umemwambia ninajua kwamba hakuiuza? Umwambie nnajua. Nlijua tangu wiki ya pili."

Kazija alishika fremu ya mlango. "Tangu wiki ya pili," alisema polepole. "Nikamwambie hivyo?"

Mkadam aliweka chini kikombe cha maji.

"Bora nisimwambie," Kazija alisema. "Alitaka umrejee bila ya pete. Basi. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa, kila bamvua, anaitazama bahari, anasema, atakuja, hana haraka huyo. Na jana alikuja mwenyewe mpaka majini."

 Mkadam aliagana na watu, akawapa mkono wote, akashuka pwani.

Mistari mitatu ilikuwa bado. Alivaa viatu vyake vya mpira, akaiwasha mashine, akaanza mahali alipofungia uzi jana. Hakujua atafanya nini na pete akiipata. Hapakuwa tena na mkono wa kuitia. Lakini alikwenda, hatua kwa hatua, akipeleka sahani kushoto na kulia bila kuacha nafasi. Mstari wa kumi na nne ulitoa msumari. Wa kumi na tano haukutoa kitu. Wanawake walikuwa wameshafunga viroba vyao wakaondoka, na maji yalikuwa yameanza kurudi, kwanza kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye muundi, na vigingi vikawa vifupi. Mashine ilikuwa ya kuzama, haikujali.

Alikuwa katikati ya mstari wa mwisho, maji yamempita magoti, aliposikia akiitwa. Kazija alikuwa amesimama ufukweni, mkono mmoja juu ya macho.

"Shemegi!" alipiga kelele. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaita tena. "Bwana Mkadam! Maji hayo yanajaa!"